Kaburi Alilolichonga Baba

Vijana wa machimboni,

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na kanzu, kisha mkaniomba niandike ninachokijua kuhusu kupasua miamba. Saa inakimbia kuliko mwenyewe na kanzu inanibana mabegani, lakini ombi lenu nimelichukua. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yako ofisini, na mengine ni bora yabaki huko huko. Nitaandika nilivyoingia kazini, aliyenifundisha, na habari za mahali mnapopaita Shimo la Juu. Ninyi mmepakuta shimo. Mimi nilipakuta mgongo wa kilima, unaitwa Kwamgongo, na nyumba niliyozaliwa ilikuwa juu yake, pale ambapo leo pana hewa tupu.

Nianze na kwetu, maana bila kwetu kazi yangu haielezeki. Babu yangu alikuwa mkulima na mchimba mawe. Masika alilima muhogo, mahindi na mbaazi. Jua likishika aliweka jembe darini, akachukua mtarimbo na nyundo, akavunja mawe na kuyachoma chokaa. Chokaa yake ilipaka kuta za nyumba nyingi za Ngamiani, kule mjini. Ukimuuliza kazi yake, alijibu kulingana na mwezi. Hakuona kwamba hizo ni kazi mbili. Kwake ilikuwa ni ardhi ile ile, leo unaishika juu, kesho unaishika chini.

Udongo wa Kwamgongo ulikuwa mwongo. Juu mweusi, laini, muhogo unanenepa mpaka unapasua tuta. Ukichimba kufika magotini, jembe linagonga mwamba na mikono inakufa ganzi. Kwa sababu hiyo watu wetu walikuwa na kazi ya tatu, ambayo hawakuiomba. Akifa mtu pale mgongoni, kaburi halikuchimbwa, lilichongwa. Nani atalichonga kama si wachimba mawe? Babu alichonga, baba akachonga, nami nikiwa kijana nilishika mtarimbo wakati baba anapiga nyundo. Mwanandani ya kwetu, yaani ile nafasi ya ubavuni anapolazwa maiti, ilikatwa ndani ya jiwe lenyewe, upande wa kibla, ikanyooka kama rafu ya dukani. Haikuhitaji mbao na haikuporomoka. Wazee wakifika kuzika walipitisha kiganja ukutani, wakitikisa vichwa kwa kuridhika, utadhani wanachagua kitanda.

Baba yangu, Mzee Mbwana, alikuwa wa kwanza katika ukoo kuchimba mawe ya mtu mwingine. Machimbo yalipofunguliwa kule bondeni alikwenda kuomba kazi, akapewa nyundo. Lakini mvua za kwanza zikianguka alipotea. Msimamizi alimtafuta, alimtukana hayupo, alimfuta kazi hayupo. Mahindi yakishapaliliwa baba alirudi na gunia la muhogo begani, akaliweka mlangoni pa msimamizi.

"Ulikuwa wapi, Mbwana?"

"Mvua ilikuja, bwana. Mie ningeiambia nini?"

Akarudishwa kazini. Mwaka uliofuata yakawa yale yale, mpaka msimamizi naye akazoea kuusubiri ule muhogo.

Mimi nilipomaliza shule baba alinipeleka machimboni kwa mguu, yeye mbele, mimi nyuma, njia ya katikati ya mikorosho. Siku ile ya kwanza sikusikia neno hata moja. Kompresa ilikuwa inanguruma, watu wanaongea kwa mikono, vumbi jeupe limewafunika nyusi wakawa kama wazee wote. Jioni nilipovua shati lilisimama lenyewe. Mama alilitazama akacheka, akasema sasa ana waume wawili wa kuwafulia chokaa.

Aliyenifundisha baruti ni Fundi Kassamali. Nyumbani kwao ni wenye duka la misumari na rangi mjini, Waislamu wenye asili ya Kihindi, na yeye ndiye mtoto aliyewakimbia. Alisema kaunta inamuumiza kiuno. Alivaa shati jeupe kila siku, mahali ambapo kila kitu ni cheupe, kwa hiyo hatukujua kama ni safi. Alitafuna tambuu na kutema mbali sana na baruti, kana kwamba ingechukia. Kabla ya kutoboa alilizunguka jiwe akiligonga kwa nyundo ndogo, ameinamisha kichwa. Jiwe zima linaita, aliniambia, na jiwe lenye ufa linanung'unika. Mwaka mzima aliniacha nigonge tu. Nilidhani ananichezea. Siku niliyolikuta jiwe linanung'unika bila kuambiwa, nilimtazama, naye akanipa tambuu. Sikuwa natafuna tambuu, lakini niliitafuna ile.

Jambo alilolishikilia kuliko yote ni kuzunguka kwa mara ya mwisho. King'ora cha kwanza kikishalia na watu wameondoka, kabla hujaunganisha waya wa mwisho, unatembea eneo lote mwenyewe. "Usimtume mtu," alisema. "Akibaki mtu ndani, wa kukosa usingizi ni wewe, si yule uliyemtuma." Ninyi siku hizi mna kamera na redio za mkononi, na nimesikia mnazungumzia chombo cha kurusha juu. Rusheni. Kisha mtembee.

Niliipenda kazi hii. Nasema wazi, maana kuna kijana mmoja wenu aliniuliza kama nilikwama tu. Sikukwama. Nilipenda ule ukimya baada ya king'ora cha mwisho, nilipenda ukuta wa mwamba unavyoinama polepole kama mtu anayepiga magoti, na harufu inayofuata. Lakini kwa kuipenda nikawa wa kwanza katika ukoo wetu kuacha jembe. Masika ikianguka mimi nilikuwa zamu. Baba alipita mbele ya lango la machimbo na jembe lake begani, akanipungia mkono bila kusimama. Hakunilaumu kwa maneno. Alikuwa akiniletea mahindi mabichi, akisema, "Haya ni ya kwako, nimekulimia upande wako." Upande wangu alikuwa anaujua yeye peke yake.

Mama alifariki kipindi cha vuli. Baba hakukubali msaada wa mtu. Alichonga mwenyewe kaburi la mkewe, usiku hadi adhuhuri, sisi tukipokezana kumshikia taa na kumpa maji, na tulipomzika mama mikono ya baba ilikuwa imevimba hata hakuweza kushika udongo wa kutupia. Nilidhani yameisha. Lakini matanga yalipokwisha, kila nilipokwenda Kwamgongo nilisikia nyundo. Nikamfuata. Alikuwa ubavuni kwa kaburi la mama, ameingia ardhini mpaka kifuani, anachonga jingine.

"La nani hili, baba?"

"La nani tena? Langu. Au unataka nife munichongee haraka haraka, munifanyie mwanandani fupi?"

Alilichonga kwa muda mrefu, maana aliliendea kwa starehe, kama mtu anayejenga nyumba bila mwenye nyumba kumsukuma. Lilikuwa kaburi zuri. Nimeona kazi nyingi za mawe lakini sijaona pembe zilizonyooka vile. Alipomaliza aliona si vizuri mbuzi watumbukie, akalijaza udongo mweusi. Kisha akaona si vizuri udongo ukae bure, akapanda mbaazi.

Zilikubali. Mizizi ilipata kina ambacho mbaazi za Kwamgongo hazikuwahi kukiona. Kila msimu alituletea kapu, mke wangu akazipika kwa nazi, tukala asubuhi na maandazi tukizisifu. Siku mke wangu alipojua zinatoka wapi aliweka kijiko chini na hakukishika tena. Baba alishangaa kweli kweli. "Mie mwenyewe simo humo," alimwambia. "Nikiingia ndo uache."

Katika miaka ile alikuja Mwingereza mmoja kufunga mashine mpya ya kusagia mawe. Tulimwita Bwana Harri. Mtu mwenye mikono mikubwa, asiyependa kukaa ofisini. Siku moja alipanda Kwamgongo kutazama mwamba, nikampeleka kwa baba wakapeana mkono, na Bwana Harri akaugeuza ule mkono wa baba akautazama. Akasema babu yake alikuwa na mkono kama huo. Nikauliza, babu yako alifanya kazi gani? Akasema alikuwa mkulima na mchimbaji, kijijini, huko kwao. Alifuga kondoo na kulima shayiri kwenye kilima, na baridi ilipokuja alishuka chini ya ardhi kuchimba makaa ya mawe. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea vipuri, lakini hayo niliyaelewa, nikamfasiria baba.

Baba alifurahi kama aliyeletewa habari za ndugu. Alitaka kujua kila kitu. Wanapanda mwezi gani? Chini huko kuna mwanga? Mkewe alimngoja wapi? Bwana Harri alijibu anachokijua, na asichokijua alikiri, akisema kwao hakuna aliyeandika, yeye mwenyewe anaokota vipande vipande kwa shangazi zake. Mwisho baba akauliza lile lililokuwa moyoni mwake.

"Muulize alizikwa wapi."

Nikamuuliza. Akasema juu ya kilima kile kile, na mkewe ubavuni.

Baba aliingia shambani. Akamkatia Bwana Harri muhogo wa kuondokea, mkubwa kuliko wote. "Mwambie babu yake alipata," alisema.

Miaka michache baadaye ndipo machimbo yalipofika kwetu. Mawe ya bondeni yalikuwa yanakwisha, na mwamba mzuri uliobaki ulikuwa wa Kwamgongo. Kikaitwa kikao chini ya turubai. Watu wa ofisi walisema nyumba zitalipwa, mikorosho itahesabiwa, na makaburi yatahamishiwa makaburi mapya ya mji, kwenye tambarare ya mchanga. Shekhe alisimama akaeleza kwamba ikiwa hapana budi, maiti huhamishwa kwa heshima. Watu waliuliza maswali kuhusu minazi. Baba hakuuliza kitu. Jina lake lilipoitwa alisema, "Mie sendi," akainuka akaenda kupalilia.

Mkae mnielewe nilikuwa wapi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa baruti. Mwamba ukishaidhinishwa, anayeupasua ni mimi. Na juu ya mwamba huo yuko mama, yuko babu, na yuko baba yangu mzima, anapalilia mbaazi juu ya kaburi lake.

Wenzetu wakaanza kuhama mmoja mmoja. Kila ukoo ulikuja na sanda na udi, wakawafukua watu wao, wakaondoka nao. Ndicho kilichomvunja baba. Si maneno ya ofisini, wala yangu. Jioni moja nilimkuta amekaa kizingitini anautazama uwanja wa makaburi, umekuwa mashimo mashimo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu tazama. Mamako kabaki na babu'yo tu. Majirani wote wameshakwenda." Akainua kidevu kuelekea kwa mama. "Alikuwa hapendi kulala nyumba ambayo majirani wamesafiri."

Akakubali. Sharti lake lilikuwa moja: huko mchangani, ubavuni kwa mama, paachwe nafasi yake. Ofisa aliyekuwa akiandika majina alisema, "Hakuna shida, mzee," na akaendelea kuandika majina mengine. Tulimtoa babu, kisha mama, mimi na baba, na ndugu wawili wa kiume. Jinsi ilivyokuwa sitaandika. Nitasema tu kwamba mwanandani ya mama ilikuwa kama siku ile ilivyochongwa, na baba alipitisha kiganja ukutani.

Siku ya kupasua ilifika. Tulikuwa tumetoboa mashimo asubuhi nzima, tumejaza, tumeshindilia. King'ora cha kwanza kikalia. Nikaanza kuzunguka. Nyumba hazikuwepo tena, zimebaki sakafu. Nilipita jikoni kwa mama, yaani pale palipokuwa na mafiga, nikapita ulipokuwa mkorosho wa babu, nikaelekea makaburini. Mbaazi zilikuwa zimeng'olewa. Udongo umetolewa, umerundikwa pembeni. Nikachungulia.

Baba alikuwa amelala mle ndani, chali, mikono tumboni, kofia imefunika macho.

Nilifikiri mabaya. Kisha kofia ikasogea.

"Nimesikia king'ora," alisema. "Usinifokee. Natoka sasa hivi."

"Baba, umepitaje? Imekuwaje walinzi wasikuone?"

"Wale watoto wanalinda barabara. Mie nimekuja na njia ya korosho."

Redioni wakaniuliza kama eneo ni salama. Nikasema bado, pana mtu. Wakauliza ni nani. Nikasema ni mwenye shamba.

Nilikaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani. Hasira ilikuwa imenijaa, lakini ukimwona mtu mzima amelala namna ile, kama aliyerudi kutoka shamba, huwezi kumfokea.

"Sikuja kuwazuia," baba alisema. "Nilitaka nijue tu lilivyo. Nimechonga muda wote ule, na sijalala hata siku moja. Linanitosha kabisa, yakhe. Hata miguu."

"Naliona, baba."

"Mashimo umeyapanga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na utapiga weye? Si mtu mwingine?"

"Mimi."

"Utapiga bismillahi?"

"Huwa napiga kila siku."

"Basi nipe mkono."

Nilimvuta. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko nilivyotarajia, na hilo liliniuma kuliko yote ya siku ile. Nikamshika kiwiko tukateremka pamoja mpaka kwenye kibanda cha kujikingia. Vijana walimpisha akakaa kwenye boksi. Nikaunganisha waya wa mwisho. King'ora kikalia tena. Nikasema bismillahi kwa sauti, ili asikie, nikapiga.

Mgongo uliinuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, ukalala. Vumbi lilitufikia. Nilikuwa nimempa kisogo ili asiuone uso wangu. Nilililia shamba ambalo sikuwahi kulilima. Nilikuwa nimefika umri wa kuitwa babu, nina wajukuu, na nilitaka sana kurudi upande wangu, ule alionilimia, na sikuwahi hata kumuuliza unaanzia wapi.

Vumbi lilipotulia baba alisogea karibu.

"Limevunjika vizuri?"

"Vizuri, baba. Halikuacha bonge."

"Jiwe la pale lilikuwa zuri," alisema, na hakulizungumzia tena.

Nilimrudisha kwangu mjini, Nguvumali, alikohamia nyumba zilipobomolewa. Kiwanja chetu ni kidogo, mlango unafunguka barazani kwa jirani. Baba alikusanya ndoo za rangi zilizotupwa, akazijaza udongo, akapanda mchicha, bamia na, msinicheke, mbaazi. Mke wangu alizila hizo. Mchana upepo ukitoka upande wa machimbo aliinua kichwa, akasikiliza, nami nikirudi jioni aliniambia, "Leo mlipiga kubwa," au, "Leo ya pili ilichelewa." Mara nyingi alikuwa amepatia.

Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda makaburini kumsalimia mama. Ijumaa moja alirudi mapema, akaketi barazani bila kuvua viatu.

"Wamemweka mtu," alisema.

Nilikwenda mwenyewe nikaona. Ubavuni kwa mama, pale pa baba, palikuwa na kaburi jipya, tuta la mchanga, mawe mawili. Nilikwenda ofisini kwa wanaosimamia makaburi nikawaka. Karani mwenye upole, ambaye hata hakuwepo wakati ule, akanieleza kwamba haya ni makaburi ya mji, hapana kuwekeana nafasi, anayetangulia kufa ndiye anayetangulia kulazwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba nitafika mpaka juu.

"Juu wapi?" alisema. "Mwache mtu wa watu. Hakufa kwa kunikomoa mie."

Yeye alimwacha. Mimi sikumwacha. Nilikuwa nikifika pale namsomea mama, na yule wa pembeni nampa mgongo.

Baba alifariki asubuhi moja ya masika, wakati wa kupanda. Tulipomaliza kumwosha nilichukua mtarimbo na sururu nikatangulia makaburini, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume hangoji wengine wamchimbie babake. Nilifika nikakuta vijana wa mtaa wameshamaliza. Walikuwa wanafuta jasho, wanakunywa maji ya mfuko. Mchanga ule unachimbika kwa koleo, ni kama kuchota sukari. Walikuwa wamefanya kwa moyo mwema, wakanipa pole, mmoja akanipokea mtarimbo akauegemeza ukutani. Nikasimama sina la kufanya. Kuta za kaburi zilikuwa zinamwagika punje punje, wakaweka mbao. Nikashuka ndani mimi kumpokea baba, nikamlaza, nikafungua kamba za sanda. Nilipitisha kiganja ukutani na mchanga ukanifuata mkononi.

Amelala safu ya mwisho, karibu na ukuta wa nyuma. Mama yuko safu za mbele. Kati yao wamejaa watu.

Sasa nimestaafu na Ijumaa zangu ni zangu. Naanza kwa baba, napalilia, namsomea, kisha navuka kwenda kwa mama. Juzi nilipokuwa kwa mama niliitwa kutoka nje ya ukuta wa mbele. Alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, amejitanda kanga, ana kisu cha kukatia majani mkononi. Kwetu wanawake hawaingii makaburini, wengi husimama pale pale nje wakaomba dua.

"Kaka, samahani. Nikuombe unikatie majani ya mume wangu. Kijana wangu kasafiri. Ni hapo hapo ulipo, huyo wa mkono wako wa kulia."

Nikatazama kulia. Alikuwa yule aliyelazwa pale pa baba.

Nilikwenda nikachukua kisu kwake juu ya ukuta, nikarudi, nikapiga magoti kwa mara ya kwanza upande ule, nikakata. Yeye alikuwa amesimama kwa ncha za vidole anajaribu kuona.

"Na nikuulize, kaka," akasema. "Mie huku sioni vizuri. Upande wake wa pili pana nafasi? Nilitaka niwaambie wanangu, wakati wangu ukifika."

Nikageuza kichwa. Palikuwa na kaburi la mtoto, fupi, udongo wake bado mbichi.

Nikamwambia.

Alishusha visigino. Kwa muda niliona kanga tu juu ya ukuta. Kisha akasema, taratibu, "Basi. Mkatie na hako katoto, kaka. Labda mamake naye yuko nje kama mie."

Nilimkatia mtoto. Nikarudi kwa mama yangu, halafu nikaendelea na wa mbele yake, na wa safu iliyofuata, nikikata na kutoa salamu, sikumruka mtu, mpaka nikafika tena kwa baba.